Granville: Kitongoji Kilicholelewa na Reli

Katika baraza za watu wetu waliohamia Sydney, iwe ni harusini au matangani, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kuangukia jambo la nyumba; na mtu akisikia kwamba mwenzake amepata maskani mapya, swali la kwanza analomwuliza ni kiasi gani anatoa kwa wiki. Swali hilo lina haki yake, kwa maana mji huu ni miongoni mwa miji ghali mno ya dunia kwa mtu atafutaye paa la kujisitiri, na baba au mama aliyefika hapa na watoto watano kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, au hata yule aliyekuja kwa hiari yake kutoka Mombasa au Unguja na shahada mkononi, hubaini mapema kwamba mshahara unaoonekana mnono ukihesabiwa kwa shilingi za nyumbani hukonda ghafula siku ya kulipa kodi. Jioni hii nataka kuzungumza juu ya kitongoji kimoja ambacho jina lake halikosi kutajwa katika baraza hizo, nacho ni Granville. Na nakusudia kuonyesha kwamba unafuu wake una usuli unaojulikana, na kwamba anayeujua usuli huo huchagua nyumba kwa busara zaidi kuliko afuataye sifa za mahali peke yake.

Granville iko magharibi ya Sydney, kiasi cha kilomita 22 kutoka katikati ya mji, nayo imepakana na viunga vya Parramatta, ambayo leo imekuwa kama kitovu cha pili cha Sydney, kwa mahakama zake, maofisi yake na maghorofa yake yanayozidi kurefuka kila mwaka. Ardhi hii asili yake ni ya Burramattagal, ukoo wa watu wa Darug, waliovua mikunga katika mto wa Parramatta na vijito vyake karne nyingi kabla ya majahazi ya Waingereza kutia nanga katika pwani hii mwaka 1788. Upande wa mashariki kinapita kijito kiitwacho Duck River; upande wa kaskazini hupita barabara kuu ya Parramatta Road na ile ya M4 yenye kutozwa ushuru; na katikati, ikikipasua kitongoji mapande mawili, imelala reli. Juu ya reli hiyo sitakuwa na haraka, kwa sababu mambo mengine yote ya Granville, mema na mabaya, yametoka kwake.

Tarehe 26 Septemba 1855 ilifunguliwa reli ya kwanza ya jimbo la New South Wales, iliyoanzia Sydney na kuishia hapa hapa, mahali palipoitwa wakati ule Parramatta Junction, ingawa ile njia panda yenyewe ilikuwa bado haijajengwa, na ingawa Parramatta ilikuwa bado mbele, hata msafiri aliyekata tiketi ya kwenda huko alilazimika kuteremka na kuumaliza mwendo wake kwa njia nyingine. Mwaka uliofuata lilichomoza tawi la kwenda kusini hadi Liverpool, na mwaka 1860 njia ikafika Parramatta ya kweli. Basi palipokuwa mwisho wa reli pakawa panda yake, na palipo na panda ya reli hapakosi vibarua, maseremala wa mabehewa, wauza chai na wapangisha vyumba. Jina la Granville halikuja mpaka mwaka 1880, kwa heshima ya Bwana Granville, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wa zamani hizo. Msikilizaji aliyezaliwa Nairobi hataona ajabu katika habari hii, maana na mji wake pia haukuwa na nyumba za kuhesabika mpaka reli kutoka Mombasa ilipoufikia mwezi wa Mei 1899, na mitaa yake ya kwanza ya watu wa kazi ilijengwa kufuata filimbi ya garimoshi.

Nyuma ya reli vilikuja viwanda. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Hudson Brothers ilijenga karakana kubwa ya mabehewa kando ya njia, na mwaka 1898 karakana hiyo ikageuka kuwa mali ya Clyde Engineering, kampuni iliyofua vyombo vya kila namna, pamoja na garimoshi la mvuke mashuhuri lenye namba 3801 lililotoka mlangoni mwake mwaka 1943 na ambalo wapenzi wa magarimoshi wa nchi hii hulisimulia kama watu wa pwani wanavyosimulia jahazi lililoshinda mashindano. Ng'ambo ya Duck River palisimama mitambo ya kusafisha mafuta ambayo haikuzimwa mpaka mwaka 2012. Na katika mtaa wa jirani wa Camellia kampuni ya James Hardie ilifanya mabamba ya saruji na asbesto, ambayo nitayarudia, kwa kuwa mengi yao bado yamo katika kuta za nyumba tunazopanga. Moshi, harufu ya mafuta, mgongano wa vyuma usiku kucha: mtu mwenye nafasi ya kuchagua hakuchagua kukaa hapa, akaenda zake kwenye vilima vya kaskazini au kwenye fukwe za mashariki, akamwachia Granville yule ambaye kazi yake ilikuwa kiwandani na ambaye umbali kati ya kitanda chake na kengele ya zamu ulikuwa na thamani kuliko mandhari.

Kisha ilikuja siku ya Jumanne, tarehe 18 Januari 1977. Garimoshi la asubuhi lililotoka Mount Victoria, huko juu katika milima ya Blue Mountains, likiwa limejaa watu waendao kazini, liliacha reli lilipokuwa linakaribia stesheni ya Granville, yapata saa mbili na dakika kumi kwa saa zetu, likazigonga nguzo za daraja la barabara ya Bold Street. Na daraja lile la saruji, lililonyimwa miguu yake, likaporomoka juu ya mabehewa yaliyokuwa chini yake na watu wamo ndani. Waokoaji walifanya kazi mchana na usiku katika nafasi zisizotosha hata mtu kukaa kitako. Walikufa watu 83 kwa hesabu ya kwanza, na miaka 40 baadaye, mwaka 2017, hesabu ikafanywa 84 kwa kumtambua mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama yake; majeruhi walipita 200. Uchunguzi ulidhihirisha kwamba njia yenyewe ilikuwa katika hali mbovu, haikutunzwa kama ilivyopasa, na tangu hapo serikali ya jimbo ikalazimika kutia fedha nyingi katika reli zake. Mwezi wa Mei 2017 bunge la jimbo liliomba radhi kwa waliofiwa na kwa walionusurika. Kila mwaka inapofika tarehe ile, jamaa wa marehemu hukusanyika karibu na daraja jipya na kudondosha mawaridi juu ya reli.

Nimeisimulia habari hiyo kwa kirefu, na pengine yuko aulizaye inahusiana nini na kodi ya nyumba. Inahusiana sana. Waliokufa asubuhi ile walikuwa watu wa aina yetu kwa hali ya maisha: makarani, mafundi, wasichana wa maofisini, watu waliokaa mbali kwa sababu mbali ndiko walikomudu kukaa, wakaukabidhi uhai wao kwa reli kila siku pasipo kufikiri. Unafuu wa vitongoji vya mbali umejengwa juu ya ahadi isiyoandikwa, kwamba chombo cha umma kitamchukua mtu salama na kwa wakati mpaka kwenye riziki yake na kumrudisha kwa watoto wake. Ahadi hiyo ikivunjwa, nyumba ya bei nafuu huwa ghali kupita jumba la kifalme. Basi anayeuliza kama kitongoji fulani ni rahisi bila kuuliza habari za reli yake ameuliza nusu ya swali.

Na hili si jambo la Sydney peke yake. Dar es Salaam watu wamesukumwa na bei za viwanja kutoka Kariakoo na Magomeni kwenda Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Kimara na ng'ambo ya Kigamboni, na kila mmoja wao anajua kwamba alichookoa katika kodi amekilipa kwa saa za kusimama kituoni kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana watu walifurahi mno mwaka 2012 yalipoanzishwa magarimoshi ya ndani ya jiji, hata wakayapa jina la waziri aliyeyasimamia wakayaita treni ya Mwakyembe; na ndiyo maana mabasi ya mwendokasi yalipoanza kwenda Kimara mwaka 2016, wenye nyumba wa kando ya Barabara ya Morogoro hawakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba thamani ya nyumba zao imebadilika. Mwenye nyumba ana pua ya kunusa stesheni kabla mhandisi hajachora ramani yake.

Sasa, mambo ambayo zamani yaliishusha Granville bei ndiyo hayo hayo yanayomfaa leo mtu mwenye jamaa kubwa na gari moja, au asiye na gari kabisa. Kwa sababu ni panda ya reli, magarimoshi ya njia kadhaa husimama hapa, na mtu huingia katikati ya Sydney kwa nusu saa na ushei. Akielekea magharibi, kituo cha kwanza ni Harris Park, mtaa wa Wahindi wenye viungo vya kila harufu, cha pili ni Parramatta, na cha tatu ni Westmead, ilipo hospitali kuu ya upande huu tangu mwaka 1978, na hospitali ya watoto iliyohamishiwa hapo mwaka 1995 kutoka karibu na katikati ya mji. Mama aliyewahi kumbeba mtoto mwenye homa kali usiku wa manane anajua uzito wa maneno "kituo cha tatu". Lipo pia chuo cha ufundi hapa hapa, zipo shule za serikali, na wageni wanaostahiki hupata mafunzo ya Kiingereza bila malipo chini ya mpango wa serikali ya shirikisho ulioanza mwaka 1948 kwa ajili ya wahamiaji wa Ulaya waliotoroka magofu ya vita, na ambao tangu mwaka 2021 umeondolewa ule mpaka wa saa 510 uliowafanya wengi, hasa akina mama waliokuwa wakilea, kuishiwa na masomo kabla ya kuijua lugha.

Fauka ya hayo wako majirani. Vita vya Lebanoni vilipolipuka mwaka 1975, maelfu ya Walebanoni walikuja Sydney, na aghalabu yao wakatua katika vitongoji hivi vya magharibi, ambamo nyumba zilikuwa za bei ndogo na viwanda vilikuwa bado vinaajiri. Ikumbukwe kwamba siasa ya Australia ya kuwapendelea weupe, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1901, ilikuwa ndiyo kwanza imefutwa kabisa mwaka 1973. Kwa hiyo sisi Waafrika tuliofuata nyuma yao tulikuta milango iliyokwisha kusukumwa na mabega ya wengine. Waliokuja baadaye kutoka Afghanistani, China na Nepali nao wakatia cha kwao. Matokeo yake ni kwamba mtu wa pwani akitembea katika barabara ya South Street husikia Kiarabu kwenye kila mlango, hununua nyama ya halali pasipo kuuliza, hupata tende, dengu, bizari na mchele wa biriani kwa magunia, na jioni hukutana na moshi wa kuku wa mkaa, ambao mikahawa ya hapa huwauza pamoja na mchuzi mweupe wa kitunguu thomu na kuwafanya watu wa vitongoji vya mbali wapange foleni. Mihogo iliyogandishwa kutoka Fiji yapatikana katika maduka ya watu wa visiwa vya Pasifiki, na anayejua kutumbukiza nazi atajifanyia futari yake mwenyewe. Napenda kukiri kwamba kwa upande wa chakula mimi si shahidi asiye na upendeleo.

Tuje kwenye nyumba zenyewe. Baada ya vita kuu ya pili, saruji na matofali vilipokuwa haba, watu wa kazi walijijengea vijumba vya mbao vilivyofunikwa kwa mabamba membamba ya saruji yaliyochanganywa na asbesto, ambavyo wenyeji huviita nyumba za fibro, na vijumba hivyo vilienea Granville, Guildford, Merrylands na kwingineko, kila kimoja katikati ya kiwanja kipana. Ni nyumba zenye uaminifu wa kimaskini: zina vyumba vitatu, veranda, na uwanja wa kutosha watoto kukimbia na mtu kupanda sukuma wiki. Walakini zina aibu mbili. Ya kwanza ni hali ya hewa, kwa maana pepo za baharini zinazopoza mitaa ya mashariki hazifiki huku zikiwa na nguvu, na ukuta mwembamba hauzuii joto wala baridi. Tarehe 4 Januari 2020 mji wa Penrith, ulio magharibi zaidi ya hapa, ulifikia digrii 48.9, na siku kama hizo nyumba ya fibro isiyo na kiyoyozi si mahali pa kumweka mtoto mchanga wala bibi mzee. Ya pili ni asbesto yenyewe. Bamba lililo zima, lililopakwa rangi na lisiloguswa, halina madhara ya kutisha. Hatari huanza pale mtu anapolitoboa, kulikata au kulivunja, kwa kuwa vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi yanayodhihiri baada ya miaka mingi. Matumizi yake yalipigwa marufuku nchi nzima tarehe 31 Desemba 2003, lakini marufuku hayabomoi kuta zilizokwisha simama. Kwa hiyo mpangaji mwenye hamu ya kutundika picha ya harusi yake na aulize kwanza ukuta umefanywa kwa nini.

Kisha kuna nyumba ya uani, na hapa naomba nitue kidogo, maana naona jambo hili limefahamiwa nusu tu na watu wetu. Mwaka 2009 serikali ya jimbo ilitoa kanuni ya kurahisisha ruhusa ya kujenga nyumba ndogo ya pili katika kiwanja kisichopungua mita za mraba 450, nyumba hiyo isizidi mita za mraba 60, na vile viwanja vipana vya fibro vikawa kama vilikuwa vinaingojea kanuni hiyo. Katika mitaa mingi ya upande huu leo hukosi kuona kinjia cha pembeni kinachoelekea nyuma, na sanduku la barua lililoandikwa namba ya nyumba pamoja na herufi. Kwa jamaa ya Kiswahili ambayo ndani yake mna babu, bibi, shangazi aliyekuja kusaidia malezi, na mpwa anayesoma chuoni, mpango huu ni neema; mzee hukaa peke yake kwa heshima yake, hupika chai yake saa aitakayo, na bado wajukuu wanamfikia kwa hatua chache. Jambo ambalo serikali ya mji ingetaka mipango mingi ya kijamii ilifanye, yaani kuwatunza wazee na watoto chini ya macho yale yale, nyumba ya uani hulifanya bila afisa yeyote kutumwa.

Lakini mambo hayaendi hivyo kila mara. Mwenye nyumba akiona kwamba uani panaweza kuleta kodi ya pili, huweka ukuta wa mbao katikati, hupangisha nyumba ya mbele kwa jamaa moja na ya nyuma kwa jamaa nyingine wasiojuana, na ule uwanja uliokuwa ndio sababu ya watu wenye watoto kuja Granville hubaki ukanda wa saruji wa kuanikia nguo. Jamaa zote mbili hulipa, tena hulipa kodi ya kadiri kila moja, na mtoto hana pa kupigia mpira. Nimesikia watu wakiziita nyumba hizi suluhisho la uhaba wa makao. Ni suluhisho, siwapingi, ila ningependa wanaolisifu wakaulizwe watoto wao wanachezea wapi.

Kuhusu mkataba wa kupanga, mgeni kutoka kwetu hushangazwa na mambo mawili yanayokwenda kinyume cha mazoea yake. Dar es Salaam amezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kwa dalali aliyemwonyesha mlango. Hapa kodi huhesabiwa kwa wiki, sheria haimruhusu mwenye nyumba kudai ya mbele zaidi ya wiki mbili, na amana ya kufidia uharibifu haizidi kodi ya wiki nne, tena fedha hizo huwekwa katika mikono ya serikali, mwenye nyumba asizile. Kwa mtu asiye na akiba hiyo ni rehema kubwa. Jambo la pili halina rehema: siku ya Jumamosi nyumba hufunguliwa kwa robo saa, watu hujipanga njiani kama wanaokwenda kupiga kura, na dalali hupokea maombi kutoka kwa kila mmoja, naye huchagua. Huchagua kwa karatasi. Mwenye hati za mishahara na barua ya sifa kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani hupita. Aliyeishi kambini miaka kumi na mitano hana barua ya mwenye nyumba, wala orodha ya watoto sita haimsaidii, ijapokuwa hakuna mtu atakayemwambia wazi kwamba ndiyo iliyomwangusha. Hapo ndipo yanapofaa makanisa, misikiti na vyama vyetu, kumwandikia mgeni barua ya kweli inayomtambulisha, na hapo ndipo nisiwasifu sana viongozi wetu, kwa kuwa wengi wao hujitokeza kwenye sherehe kuliko Jumamosi asubuhi mlangoni pa nyumba ya kupanga.

Sheria nayo imeanza kumtazama mpangaji kwa jicho la huruma. Tangu mwisho wa Oktoba 2024 kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya mara moja katika miezi 12, na tangu tarehe 19 Mei 2025 mwenye nyumba wa jimbo hili hawezi tena kumtoa mtu pasipo kutoa sababu iliyotajwa na sheria. Zamani mpangaji aliyelalamika kuhusu bomba linalovuja alikuwa na haki ya kuhofu kwamba jibu lake litakuwa ilani ya kuhama, na watoto wahamishwe shule katikati ya mwaka. Na hakuna kitu kinachomharibia mtoto masomo kama kubadili shule kila baada ya mwaka, kama wanavyojua wote waliolelewa katika nyumba za kupanga. Kwangu mimi sheria hiyo imefanya zaidi kwa ajili ya watoto wa Granville kuliko bembea zote za bustani zake.

Lakini je, unafuu wenyewe utadumu? Dalili si nzuri. Mwezi wa Novemba 2016 serikali ya jimbo ilitangaza mpango wa kuigeuza Parramatta Road, na Granville ikatajwa miongoni mwa sehemu za kujengwa kwa wingi; maghorofa yakaanza kusimama karibu na stesheni, palipokuwa na gereji na maduka ya vipuri. Reli ya chini ya ardhi iitwayo Metro West, inayotarajiwa mwaka 2032 kuunganisha Parramatta na katikati ya Sydney kwa dakika 20 hivi, inajengewa karakana yake katika mtaa wa jirani wa Clyde, katika ardhi iliyokuwa ya viwanda. Kazi imerudi ilikozaliwa, na pamoja nayo wamerudi wanunuzi ambao baba zao hawakutaka kulisikia jina la mahali hapa. Sina chuki na ghorofa; Wazanzibari wameishi katika majumba marefu ya Michenzani tangu baada ya mapinduzi, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, wakalea watoto ndani yake na kuzifanya ngazi zake baraza. Ninalolalamikia ni kwamba maghorofa mengi ya hapa ni ya chumba kimoja au vyumba viwili, kana kwamba mjenzi hakuwahi kumwona mtu mwenye watoto zaidi ya mmoja. Jamaa zinazohitaji vyumba vinne husukumwa mbele zaidi, Blacktown na Mount Druitt, na wengine huondoka Sydney kabisa wakaenda Wollongong, Newcastle au Coffs Harbour, ambako Wakongomani wamejijengea jamii zao na ambako mama wa Bukavu huweza kusikia Kiswahili chake sokoni.

Kwa hiyo atakayeniuliza kama aende Granville nitamjibu kwamba aende, ikiwa kazi yake iko kando ya reli na ikiwa amepata nyumba yenye uwanja ambao haujakatwa vipande. Na kama kazi yake iko kiwandani kusikofika garimoshi, kwa zamu ya saa kumi alfajiri, basi sifa zote nilizozitaja hazitamfaa kitu, na afadhali akae karibu na kazi hata kama jirani zake hawauzi tende. Kabla ya kutia sahihi, apande garimoshi la asubuhi siku ya kazi kutoka stesheni atakayoitumia, aone kama atapata pa kusimama. Aiangalie nyumba mchana wa jua kali, aguse ukuta wa magharibi. Na akishapewa ufunguo, atapewa pia hati ya kueleza hali ya nyumba, karatasi nyingi zenye visanduku vidogo vya kutia alama, ambayo watu wetu wengi huiweka kabatini bila kuisoma. Aijaze chumba kwa chumba, kila ufa na kila doa, apige picha, aitie sahihi na kuirudisha katika muda wa siku 7, kwa kuwa siku ya kuhama karatasi hiyo ndiyo itakayosema amana ya wiki nne ni ya nani.